Kamba Iliyofunga Mto

Watu wa mbali wakisikia kwamba nyumba yangu ya Garissa ina pampu ya kutoa maji chini ya ardhi, hucheka. Garissa? Mji ambao maji huuzwa kwa mkokoteni wa punda? Hata mimi nilicheka fundi aliponiambia kwamba ninaihitaji. Kisha siku moja nikashuka ngazi kuchukua robota la kitambaa, viatu vikajaa maji, na hamu ya kucheka ikaniisha.

Nina duka la vitambaa sokoni. Juu ya duka tunaishi, chini yake kuna stoo iliyochimbwa ardhini, kwa sababu kiwanja ni finyu na aliyejenga jengo hili alitaka nafasi, akaitafuta kwa jembe. Alifikiria kila kitu isipokuwa mto. Tana iko upande wa pili wa mji. Ukiwa dukani kwangu huioni wala huisikii. Lakini mvua ikinyesha huko juu, Meru na Nyeri, mvua ambayo sisi hatuioni hata wingu lake, mto hufura, na ukishafura hauridhiki na njia yake. Huingia ardhini. Hupita chini ya barabara, chini ya msikiti, chini ya akina mama wanaouza maziwa ya ngamia huku wakilalamikia jua, na kimyakimya unafika ukutani kwangu. Ukuta huanza kutoa jasho. Halafu sakafu. Mara ya kwanza nilipoliona jambo hilo nilisimama pale na tochi mkononi, nikasahau hata vitambaa vyangu. Mvua ya watu nisiowajua ilikuwa imesafiri gizani hadi kwangu bila kuuliza njia.

Fundi wangu ni Mkamba aliyeishi Garissa hadi akawa anaapa kwa wallahi kuliko sisi Wasomali. Alichimba shimo kwenye kona ya stoo, lenye kina cha kufika kifuani, akalipiga saruji, akaweka pete ya chuma mdomoni, kisha akatumbukiza pampu. Pampu ina boya lake, kitu cheusi cha kuelea kilichoshikwa na waya. Maji yakipanda shimoni, boya hupanda nayo, na likifika juu pampu hujiwasha na kuyatapika maji nje barabarani. Maji yakipungua boya hushuka, pampu hunyamaza. Hakuna mtu anayegusa kitu.

"Lakini usinisikie vibaya, mama," fundi aliniambia. "Hii kitu ukiisahau, nayo inakusahau."

Basi sikuisahau. Kila Ijumaa asubuhi, kabla sijafungua duka, nilichomoa waya ukutani, nikaivuta pampu kwa kamba yake, nikasafisha wavu wa chini. Mchanga si adui mkubwa. Adui ni nyuzi. Vitambaa vyangu hupukutisha nyuzi, nazo hushuka shimoni na kujisokota kwenye wavu hadi pampu inakosa pumzi. Nilizing'oa kwa vidole, nikaangalia kile kifuniko cha bomba kinachozuia maji yasirudi, nikairudisha pampu mahali pake, nikamimina ndoo ya maji ili nilione boya likipanda. Nikisikia ule mngurumo nilijua naweza kwenda kuoga na kuswali kwa utulivu. Mume wangu, ambaye biashara ya mifugo humweka njiani muda mwingi, hunitania kwamba katika nyumba yetu pampu ndiyo inayopata salamu ya kwanza. Simkatalii.

Kisha mama yangu akahamia kwetu.

Alitoka Griftu, baada ya ukame kumaliza wanyama. Alikuja juu ya lori, akiwa amekalia mzigo mmoja tu, na alikataa wapagazi wausogeze mpaka yeye ashuke. Ulikuwa aqal yake: vijiti vilivyopindwa, mikeka iliyoviringishwa, kamba tele. Aqal ni nyumba ya kuhama nayo. Mwanamke huipata anapoolewa, akaibeba juu ya ngamia maisha yake yote, akaibomoa na kuisimamisha kila palipo na malisho. Mikeka na kamba za hii zilisukwa na bibi yangu. Alitafuna magome ya mgunga mpaka yakawa laini, akayatoa mdomoni uzi baada ya uzi, akasuka. Kazi hiyo ilimgeuza meno yakawa ya kahawia, na alipozeeka alikuwa amebakiwa na machache. Nilipokuwa mdogo nilimwogopa akicheka.

Mama alikuwa amesema zamani kwamba aqal itasimamishwa kwa mjukuu wake wa kwanza. Mjukuu huyo ni binti yangu, na harusi ilikuwa imekaribia. Nyumba yetu ilijaa, hapakuwa na mahali pa kuweka mzigo mrefu namna ile ila stoo ya chini. Tuliuweka juu ya jukwaa la mbao lililofika mapajani, kwenye kona iliyo mbali na shimo. Mama aliukagua kila siku. Ng'ombe, mbuzi na ngamia walikuwa wamekwenda. Kilichobaki cha kumpa mjukuu wake kilikuwa hicho.

Ilikuwa katika kuukagua mzigo huo ndipo alipokutana na pampu. Fundi alikuwa amekuja kubadilisha bomba, na ghafla pampu ikanguruma. Mama alirukia ukutani. Aliposhusha pumzi alikwenda kuchungulia shimo, akaona maji safi yanazunguka na kupungua. Mama hana Kiswahili kingi, na alicho nacho hukitumia kwa ukali.

"Wewe fundi. Hii bambu nafanya nini?"

"Inatoa maji, mama mzee."

"Nabeleka wabi?"

"Nje. Barabarani."

"Astaghfirullah!" Alinigeukia mimi, kana kwamba nilikuwa nimetukana mbele ya wageni, kisha akamrudia fundi. "Barabara nakunywa maji? Mbuzi iko hapo nje na kiu, halafu barabara nakunywa?"

Fundi alimweleza kwa adabu kwamba maji yakiachwa yataharibu mali. Mama alichota kwa kiganja, akaonja, akatikisa kichwa.

"Chumvi kidogo tu," aliniambia kwa Kisomali. "Kama ya kwetu. Mnacho kisima ndani ya nyumba, na mmekiwekea mashine ya kukitapisha."

Nilicheka, nikasema, "Hooyo, hiki si kisima." Nilidhani mazungumzo yameishia hapo. Anayemjua mama yangu angejua kwamba yalikuwa ndiyo yameanza.

Nilichokuja kujua baadaye ni hiki. Mama alikaa kwenye ngazi akaitazama pampu mpaka akaielewa, bila kumuuliza mtu. Aliona kwamba boya likipanda pampu huamka. Basi akachukua kamba moja ya aqal, kwa sababu nailoni haiamini, anasema huteleza kama maneno ya dalali. Akalifunga boya kwa ncha moja, akaipitisha kamba chini ya mpini wa pampu, akaivuta juu hadi kwenye ile pete ya chuma, akaifunga pale kwa fundo la kufungia mbuzi, ambalo ukivuta ncha tu linafunguka. Boya likawa halipandi tena. Kila siku baada ya swala ya alfajiri alifunga. Maji yakajaa shimoni taratibu. Akachota kwa mtungi wa plastiki uliokatwa, akawanywesha mbuzi wetu wachache wa uani, akawapa na punda wa wauza maji, jambo lililowashangaza wenye punda. Kabla ya adhuhuri alishuka akavuta ncha, pampu ikaamka, mambo yakarudi kama yalivyokuwa. Ijumaa, siku yangu, hakufunga.

Kwao kisima hakikaushwi. Hupumzishwa, husafishwa, huchotwa kwa kiasi, na mwenye kiu hanyimwi. Alikuwa anakitunza kisima kama alivyofundishwa, na mimi juu yake nikiwa dukani, nikipima vitambaa na kujisifu jinsi pampu yangu ilivyokuwa haipati shida siku hizi.

Siku niliyotaka kuisimulia, anga lilikuwa jeupe bila wingu. Lakini wanaolima ndizi kando ya mto walikuwa wameanza kuhamisha vitu vyao, na redio ilikuwa ikisema mabwawa ya juu yamejaa. Asubuhi wanawake wa ukoo walikuja kupanga mambo ya harusi. Mama alikaa nao juu, chai ikafuata chai, wakabishana nani atasimamisha aqal na nani atafukiza uvumba ndani yake. Mimi mwenyewe nilimzuia alipotaka kuinuka, nikamwambia awamalizie ile hadithi ya harusi yake. Adhuhuri ilipita.

Nilishuka stoo kuchukua hariri ya mteja. Nilipofika ngazi ya katikati nikasikia kitu ambacho hakipaswi kusikika kwenye stoo: maji yakigonga ukuta. Niliwasha taa. Sakafu haikuwapo. Palikuwa na maji matulivu, ya rangi ya chai hafifu, kutoka ukuta hadi ukuta, na katikati yake mama yangu amesimama, yamemfika mapajani, amejipinda pale kwenye kona ya shimo, mikono yote miwili ndani ya maji hadi mabegani. Alikuwa ameshuka kwa mlango wa uani bila mimi kumwona.

Jambo la kwanza lililonijia ni stima. Niliruka nikazima swichi kubwa iliyo juu ya ngazi, tukabaki na mwanga wa mlango tu. Kisha nikaingia majini na nguo zangu.

"Hooyo! Unafanya nini humo?"

"Fundo limekataa," alisema.

"Fundo gani?"

Hakunificha kitu. Alinieleza huku anavuta: kamba, boya, pete, mbuzi, punda, kila asubuhi. Nilitaka kupiga kelele. Lakini nilipopeleka mkono chini nikaligusa lile fundo, nikaelewa kilichokuwa kimetokea. Kamba ya aqal huvimba ikilowa. Hiyo ndiyo sifa yake. Mvua ikipiga, kamba na mikeka hujikaza na nyumba haivuji. Siku zote maji hayakuwahi kuifikia pete, kwa hiyo fundo lilikuwa kavu na lilifunguka. Leo mto ulikuwa umefurika shimo na kulifunika fundo, na fundo likafanya kazi liliyoumbiwa. Lilikuwa gumu kama goti. Mama alijua sifa hiyo kabla sijazaliwa. Aliisahau kwa sababu aliifunga kamba hiyo ndani ya nyumba ya saruji, mahali ambapo hakutarajia mvua.

Kwenye kona ya mbali, maji yalikuwa yameanza kulamba mzigo wake. Mbao zilikuwa zimezama. Tuliujaribu mzigo kidogo, mimi na yeye, haukusogea hata kidogo. Ulihitaji wanaume wanne ukiwa mkavu. Na mto ulikuwa bado unakuja. Ukikaza macho ungeona jinsi unavyopanda, polepole, bila haraka wala chuki.

Nilikimbia juu nikarudi na kisu cha dukani. Mama alipokiona alinishika mkono.

"Usikate."

"Hooyo, maji yataila aqal yote!"

"Usikate. Hayo ni meno ya mama yangu."

Nilisimama. Nilikuwa nimeshika kisu, maji yakinipanda, na kwa mara ya kwanza maishani niliiona kamba ile ilivyokuwa kweli: jioni nyingi za mwanamke mmoja aliyekaa mbele ya moto akitafuna magome ili wajukuu asiowajua wapate paa. Niliingiwa na woga, si wa maji. Ni ule woga unaokupata msikitini ukiwa peke yako.

Mama aliutazama mzigo wake. Akalitazama shimo. Halafu akanyoosha kiganja.

"Nipe. Ya mama yangu nitaikata mimi."

Alikishusha kisu ndani ya maji kwa kupapasa, akasema Bismillahi kwa sauti, kama anavyosema anapochinja, na akakata. Kamba ilimpa kazi. Mwishowe boya liliruka juu ya maji kwa mshindo, likaelea mbele yetu linachezacheza.

Nilimtoa mama hadi kwenye ngazi, nikapanda nikawasha swichi. Pampu ilinguruma. Ijumaa iliyopita tu nilikuwa nimeing'oa nyuzi, na leo ilivuta bila kukwama. Tulikaa kwenye ngazi, tumelowa wote wawili, tukitazama. Nilikuwa nimeyapanga maneno makali kwa mpangilio mzuri, yakisubiri zamu yao. Mama alikuwa anasikiliza mngurumo. Kisha akaanza kuimba, chini chini, akifuata mapigo ya pampu. Ulikuwa wimbo wa kisimani, ule ambao wanaume huimba wakipandishana ndoo kutoka chini, wa kuwaita ngamia waje wanywe. Aliimba majina ya ngamia wake. Niliwajua mmoja mmoja. Hakuna hata mmoja aliyekuwa hai.

"Yanakwenda wapi?" aliniuliza alipomaliza.

"Barabarani, hooyo."

"Yote?"

"Yote."

Alifumba macho. "Ngamia wetu wa mwisho alikufa akilamba ukuta wa kisima kikavu," alisema. "Nilisimama pale nikamwomba Mungu maji. Sasa yamenifuata mpaka ndani ya nyumba ya binti yangu. Mimi ndiye niyafukuze?"

Maneno yangu makali niliyameza. Nilimwegemea begani nikalia, naye akanipigapiga mgongo, akasema alhamdulillah, mara nyingi, huku mali yangu ya safu ya chini ikiwa imelowa chapachapa.

Maji yaliposhuka hadi kifundoni, wapagazi wa sokoni waliupandisha mzigo hadi kwenye paa. Mama aliufungua mwenyewe. Mkeka wa nje ulikuwa umelowa na kuvimba, umekuwa mzito, nyuzi zimebanana hata ukucha haupenyi. Harufu ya moshi wa zamani na mvua ilitapakaa juu ya paa lote. Alipoufunua, wa pili ulikuwa mkavu. Wa tatu mkavu. Mmoja wa wapagazi, kijana wa kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, alipitisha kiganja ndani ya mkeka, akakitazama kiganja chake, akasema subhanallah. Hariri yangu iliyofungwa kwa plastiki ya kiwandani ilikuwa imeharibika. Mkeka uliotoka mdomoni mwa bibi yangu ulikuwa umeuzuia mto.

Fundi alipokuja na kuelezwa habari nzima, alijishika kiuno. "Mama mzee, ulinifungia boya?" Mama akamwambia, "Wewe nabeleka maji barabara, mimi nafunga." Walielewana hatimaye. Bomba halitapiki barabarani tena. Limepelekwa uani, kwenye tangi lenye hori la kunyweshea mbuzi, na wenye punda wanajua njia. Usafi wa Ijumaa sasa ni wa mama. Huketi kwenye ukingo wa shimo, huvuta pampu, hung'oa nyuzi moja moja kwa subira ambayo mimi sikuwahi kuwa nayo, na anapolishusha boya majini hutamka jina la Mungu.

Aqal ilisimamishwa siku ya harusi kwenye uwanja nyuma ya nyumba. Wanawake walifunga vijiti, wakatandaza mikeka, wakafika mlangoni, na hapo kamba ikapungua. Mtu akaleta nailoni. Mama aliisukuma kando. Alitoa kwenye mtandio wake vipande viwili vya kamba ya bibi, akaviunganisha kwa fundo kubwa, la wazi, bila kujaribu kulificha, akafungia vijiti vya mlango.

Binti yangu alipoletwa, alisita pale mlangoni, akaligusa lile fundo kwa vidole vyenye hina, akamgeukia bibi yake.

"Ayeeyo, hapa pamekatika?"

Mama hakuinamisha uso. Alimvuta karibu, akamwekea kiganja juu ya fundo, akakibana hapo kwa kiganja chake.

"Hapa mama yangu aliufunga mto," alisema. "Mimi nikamwomba aufungue. Ingia."